Mablanketi ya Mayungiyungi

1.
Mbingu imetakata. Habari mbaya.

2.
TANGAZO
Ofisi ya Mtendaji, Kijiji cha Itundwila
Wananchi wote mnataarifiwa kuwa jalidi inatarajiwa kuanguka Ijumaa usiku. Wenye bustani wafunike mimea. Wenye wageni wajiongeze.

3.
Wewe unayesoma huku unajipepea, elewa: huku Njombe, Juni ikikosa mawingu, umande unaganda. Asubuhi majani yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Na Tulizo Chaula ana mayungiyungi meupe ya harusi ya binti yake, Esnath. Harusi ni Jumamosi. Kamati ilipotaja maua ya plastiki, alisimama.

"Plastiki? Labda mnizike kwanza!"

4.
(Kipande hiki kimeganda.)

5.
Jirani Zabroni, fundi cherehani, akichungulia juu ya ukuta wa ua:

"Kamwene, mama Esnath! Mbingu safi hiyo! Alfajiri tunaiona Kilimia."

"Iangalie wewe. Mie naomba mawingu."

"Nyota zangu zimekukosea nini?"

"Zinaniulia maua!"

6.
Vilivyofunika bustani Ijumaa jioni:
mablanketi yote ya nyumba
koti la marehemu mumewe
pazia la sebuleni
mashuka ya wageni

7.
Wageni!

8.
Wakwe walishuka kutoka Dar es Salaam wamevaa makubazi. Tulizo aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Ayafunue maua, au awaache wakwe watetemeke? Alikwenda bustanini, akarudi, akaenda tena. Akashika blanketi moja, akaanza kuli—

9.
"Liache!" Ni Bi Skolastika, mama wa bwana harusi, meno yanagongana. "Kwani hayo maua si ya mwanangu pia? Jiko liko wapi?"

10.
Wakakesha jikoni wamebanana, wanakula viazi vya kuchoma na kutaniana kwa vicheko. Alfajiri Zabroni akagonga mlango kama polisi.

"Kilimia! Tokeni, tokeni!"

Wakatoka wote. Vinyota vile vilikuwa vimejikusanya juu ya mlima,

       vidogo

   vidogo

           vinang'aa,

na nyasi zilivunjikavunjika chini ya makubazi. Watu wa Dar es Salaam walipiga vigelegele. Tulizo hakutazama juu.

11.
Bi Skolastika alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye tuta la kwanza. Blanketi lilikuwa limekakamaa kama ubao.

"Naogopa, mkwe."

"Hata mimi. Shika huko, nami nishike huku."

Wakainua. Chini yake mayungiyungi yalikuwa yamesimama wima, meupe.