Akaunti ya Sista Ralitsa

Mara ya kwanza Nevena alipokuta akaunti ya marehemu imefunguka, alijilaumu mwenyewe. Alikuwa bado mgeni katika hospitali yetu ya watoto hapa Ruse, Bulgaria, na mgeni wa kazi akiona jambo haliendi hudhani ni mkono wake.

Kazi aliyopewa haikuwa ngumu kuieleza. Hospitali ina seva ya utambulisho, yaani kompyuta moja inayomjua kila mfanyakazi. Daktari akitaka kusoma majibu ya damu, au mpishi akitaka kuagiza maziwa, mfumo anaoutumia huiuliza kwanza seva hiyo: huyu ni nani, nimruhusu? Wakaguzi wa mambo ya faragha walikuwa wanakuja kutoka mji mkuu, Sofia, na Strahil, mkuu wa kitengo, alitaka kila aliyestaafu, aliyehama na aliyefariki afungiwe akaunti kabla hawajafika.

"Usianze kubofya jina moja moja, utazeekea hapo," Strahil alimwambia. "Andika programu."

Nevena akaandika. Seva ile hupokea maagizo kutoka kwa programu nyingine, ila ina masharti yake: ujitambulishe, uombe kibali, ukiambatishe kwenye kila ombi, na kikiisha muda wake uombe kingine. Zipo maktaba kubwa za msimbo, yaani vifurushi vya programu vilivyokwisha kuandikwa na wengine, zinazokufanyia haya yote pamoja na mengine chungu nzima usiyoyahitaji. Yeye alichagua moja ndogo, faili chache tu, nyepesi. Mstari mmoja kumtafuta mtu, mstari mmoja kumfungia. Aliipenda kama mpishi anavyokipenda kisu kidogo kinachokata.

Miongoni mwa waliofungiwa jioni ile alikuwemo Ralitsa Dobreva, muuguzi wa wodi ya pili. Nevena hakuwahi kukutana naye, lakini sura yake aliijua, kwa sababu tangazo la mwaka mmoja tangu afariki lilikuwa bado limebandikwa kwenye lango la hospitali, na picha ilikuwa ile ile ya kwenye akaunti: mwanamke wa makamo, nywele fupi, tabasamu la upande mmoja kama mtu aliyechelewa kuuelewa mzaha.

Asubuhi akaunti ilikuwa wazi. Na si wazi tu. Seva ilionyesha kwamba Ralitsa Dobreva ameingia kazini, wodi ya pili.

Nevena akaifunga tena. Kesho yake akaikuta wazi tena, na Ralitsa yuko wodini.

Alifungua kumbukumbu za seva. Kila ombi linaloifikia seva huacha nyuma jina la maktaba iliyolituma, na ombi lililomfungulia Ralitsa lilikuwa limeacha jina la maktaba yake mwenyewe, ile ndogo. Alisoma programu yake kutoka juu hadi chini. Ilijua kufunga. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kumfungulia mtu.

"Labda kaja kudai likizo yake," Strahil alisema, akitafuna banitsa, andazi la jibini, na kujimwagia makombo kifuani.

"Mkuu, sitanii. Nikimfunga, anafunguliwa."

"Basi usimfunge. Mfute. Kumfungia ni kufunga mlango tu. Kumfuta ni kubomoa nyumba, hana pa kurudi." Akapangusa mikono. "Na mwanangu, usiende kuyasema haya kantini. Yule mama alipendwa sana hapa."

Nevena hakumfuta siku ile. Alimfunga tu, na kesho yake akaja kazini alfajiri, ukungu wa mto Danube ungali umefunika barabara, akaketi mbele ya skrini na kahawa asiyoinywa. Alitaka kuona kwa macho yake. Ofisi ilikuwa kimya. Jina la Ralitsa lilikuwa pale, na mbele yake neno moja: amefungwa. Nevena alikuwa akiliangalia tu, akiuliza seva, akiuliza tena, mara neno likabadilika. Halikubadilishwa na mtu. Hakuna kitufe kilichobonyezwa wala mlango uliolia. Muda si muda, picha ile ya tabasamu la upande mmoja ikawekwa alama ya kijani: yupo wodini.

"Nani?" Nevena alisema kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Alijilazimisha kusoma. Jina la maktaba lilikuwa lile lile, lakini safari hii aliona kilichomponyoka: nambari ya toleo. Lake lilikuwa jipya. Hili lilikuwa la zamani, la miaka kadhaa nyuma. Kwa hiyo si yeye. Alishusha pumzi, kisha akaona kwamba hilo halimpi faraja yoyote, maana kama si yeye, basi kuna mwingine. Anwani ya ombi ilikuwa ya humu humu ndani, chini kabisa, kwenye chumba cha pembeni ya dobi, mahali pa kufulia mashuka.

Strahil alipofika wakashuka wote wawili. Nyuma ya rafu za mashuka walikuta kompyuta ya zamani inanguruma polepole, vumbi limeganda juu yake kama manyoya. Strahil aliitazama, na utani wote ukamtoka usoni.

"Hii ni ya Zahari."

"Zahari gani?"

"Mume wake. Alikuwa anakalia kiti chako hicho hicho. Mimi nilidhani ilishazimwa siku nyingi." Akajikuna shingo. "Mkewe alipofariki, Zahari alifanya kazi kama wiki hivi, halafu akaondoka. Hakuaga hata mtu."

"Na hukuona vyema kuniambia?"

"Ningekuambia nini, Nevena? Kwamba kiti chako kina mkosi? Izime hii, mfute yule, tumalize."

Alirudi juu akaandika mstari wa kumfuta. Ulikuwa mfupi sana. Kabla hajautuma, aliongeza mwingine wa kuiuliza seva ni nini kitakachokwenda pamoja na akaunti hiyo, kwa sababu aliogopa, na mwoga huuliza. Jibu lilikuja na kitu kimoja: programu ya hadithi, kwenye kishikwambi cha wodi ya pili.

Akapanda ngazi.

Sista Vasilka, mkuu wa wodi, alikuwa anapanga dawa kwenye toroli. Alimsikiliza nusu, akaweka vikombe chini.

"Kumbe ni wewe! Jioni zote hizi nahangaika na waya, nawapigia simu watu wa mtandao, watoto wanalia, kumbe ni wewe unayezima?"

"Samahani, Sista. Sikujua ninazima nini."

"Unazima hadithi za Ralitsa. Alipougua hata hawezi kupanda ngazi hizi, alikaa nyumbani akawarekodia watoto. Wanalala nazo. Wale wa mwaka juzi wamepona wamekwenda zao, wamekuja wengine, nao wanalala nazo." Akavua miwani. "Mimi nikiwa zamu ya jioni huwa nasahau. Naisikia sauti, nasema moyoni, leo Ralitsa yupo, afadhali. Halafu nakumbuka."

Alichukua kishikwambi, akamchezea Nevena kipande. Sauti ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo, isiyo na haraka, ikisimulia juu ya dubu aliyekataa kulala wakati wa baridi. Mwishoni palikuwa na kikohozi kirefu, kimya, kisha Ralitsa akasema, si kwa watoto: "Zima basi, Zahari. Nimechoka."

Kutoka vitandani, watoto waliokuwa hata hawaonekani kusikiliza walipaza sauti wote pamoja: "Zima basi, Zahari!" Wakaangua kicheko.

Nevena alimgeukia Vasilka. "Wanamjua Zahari ni nani?"

"Wanadhani ni zimwi la kwenye hadithi," Vasilka alisema. "Sijawahi kuwaambia vingine."

Mchana ule ule Nevena alikwenda kwa Zahari, aliyekuwa anaishi peke yake kwenye majengo ya ghorofa upande wa mtoni. Alimfungulia Nevena akiwa amevaa ndara na sweta lililopanuka viwiko, mtu mrefu aliyekonda, na kabla mgeni hajataja jina alisema, "Wewe ndiye unayemfunga."

"Umejuaje?"

"Programu yangu hunitumia ujumbe ikimkuta amefungwa. Mwaka mzima haikunitumia. Siku hizi nimeamshwa nayo kila alfajiri." Alimpisha apite. "Ya kwanza nilipoisoma nilikaa kitandani nikasema, haya, sasa ndiyo anaondoka kweli."

Nyumba ilikuwa safi na baridi. Viatu vya kike vilikuwa bado mlangoni. Zahari alileta kahawa na kisahani cha jamu ya tini, kama inavyompasa mgeni, akaketi na kuisahau yake.

"Mzee Zahari, kwa nini?" Nevena aliuliza. "Sikuja kukulaumu. Nimeogopa sana, nataka kuelewa tu."

Zahari alikizungusha kikombe chake. "Tulipotoka mazishini nilirudi kazini, nikakuta wameshamfungia. Jina lake, na mbele yake: amefungwa. Mimi nilikuwa nimetoka kuliona jeneza likifungwa, dada. Mara mbili kwa wiki moja sikuweza. Nikaandika kitu kidogo, kila alfajiri kikamwangalie. Akiwa amefungwa, kimfungulie, nami niione alama yake ya kijani kwenye simu. Kwa hiyo huko mahali fulani alikuwa anaamka kabla yangu, kama zamani."

"Na hizo hadithi?"

"Hadithi gani?"

Nevena alimwangalia, akaona hatanii. "Watoto wanamsikiliza. Kila jioni. Alama ya kijani uliyokuwa ukiiona, ni kile kishikwambi kinaingia kwa jina lake."

Zahari alisimama, akaketi, akasimama tena. "Nilijua alirekodi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia maikrofoni. Nilidhani zilikwisha pamoja naye. Sijakanyaga wodi ile tangu..." Alikuwa tayari anatafuta koti lake.

Jioni ile walisimama kwenye mlango wa wodi ya pili, taa zikiwa zimepunguzwa. Sauti ilianza. Zahari aliegemea ukuta kama mtu aliyesukumwa. Alikuwa na picha, alikuwa na viatu, alikuwa na alama ya kijani, lakini sauti hakuwa ameisikia tangu mkewe alipofariki. Dubu alikataa kulala, akazunguka msitu, akachoka. Kikohozi kikaja, kirefu. Zahari aliinua mkono hewani, mkono wa mtu anayetaka kumpa mwenzake maji.

"Zima basi, Zahari. Nimechoka."

"Zima basi, Zahari!" watoto wakapaza sauti.

Msichana mdogo wa kitanda cha karibu, dripu mkononi, alimgeukia. "Wewe ni baba ya nani?"

"Si baba ya mtu."

"Sasa unalia nini?"

Mtoto hakusubiri jibu. Alijifunika shuka mpaka puani, akafumba macho.

Baadaye walikaa kwenye benchi la ukumbini. Zahari ndiye aliyeanza kuzungumza. "Unajua, siku ile sikuzima. Aliniambia nizime, nikasema ndiyo, nikaiacha iendelee, ili nisikie anavyopumua. Dakika nzima. Aliponiona akakasirika." Alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Na nimekuwa hivyo hivyo tangu siku ile. Amechoka, mimi namwacha aendelee."

Kesho yake mchana alikuja ofisini. Strahil alimkumbatia, akatoka akawaachia chumba. Nevena aliihamisha kila hadithi kwenye akaunti ya wodi, akampigia Vasilka aijaribu moja baada ya nyingine, na zote zikasikika. Hapo ndipo alipouleta tena ule mstari mfupi wa kumfuta Ralitsa na kuinuka kitini.

"Nikufanyie mimi, mzee?"

"Hapana. Umeandika vizuri, lakini huu ni wangu."

Alikaa. Alilisoma jina la mkewe herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Kisha akabonyeza.

Seva ikimfuta mtu haisemi kitu. Hurudisha jibu tupu, na utupu huo maana yake imekubali. Zahari alingoja, macho kwenye skrini, kana kwamba bado kuna linalokuja.

"Ndiyo hivyo?" aliuliza.

"Ndiyo hivyo."

Wakashuka dobi. Alikung'uta vumbi la mashine kwa kiganja, akaizima mwenyewe. Feni iliendelea kuzunguka ikipungua, ikipungua, na hata iliposimama bado walibaki wamesimama pale kwenye mvuke wa mashuka. Nevena ndiye aliyeanza kulia, yeye ambaye hakumjua Ralitsa hata kwa salamu. Zahari alimpa kitambaa cha mkononi.

Wakaguzi walikuja, wakapekua, wakasifu. Strahil alipokea sifa zote kwa uso mkavu. Zahari alihamia kwa dada yake huko Svishtov kabla ya theluji, na inasemekana amezoea.

Nevena ndiye aliyechelewa kuzoea. Kwa muda mrefu alikuwa akishtuka usingizini alfajiri, saa ile ile, anafungua kompyuta kitandani na kuiuliza seva mstari mmoja: yupo Ralitsa Dobreva? Seva hujibu kwamba haimjui mtu huyo. Aliniambia hakujua ni lipi lililomtisha zaidi, kumkuta au kumkosa. Aliuliza hivyo majira ya baridi yote. Machi, mito ilipoanza kujaa, aliamka jua limeshaingia dirishani, amechelewa kazini, akakimbia bila kuuliza.