Shoka la Mama Jepkosgei

Mimi Elphas Wepukhulu nina hasira za karibu, na mke wangu Nelima atakuthibitishia hilo hata usipomuuliza. Mwaka wa thelathini na saba nilikuwa katekista na mwalimu katika shamba la Kaburu mmoja upande wa Soy. Kanisa na shule vilikuwa nyumba moja ya udongo na nyasi, na wanafunzi wangu walikuwa vibarua waliokuja saa tisa kazi ikiisha. Kati yao wote, aliyenipandisha hasira mara nyingi zaidi alikuwa bibi mmoja wa Kinandi, Mama Jepkosgei, na ndiye niliyempenda zaidi.

Mama Jepkosgei alitaka ubatizo kwa sababu moja tu. Binti yake Sarah alibatizwa akiwa mgonjwa kwenye misheni huko Eldoret, mji ambao sisi tuliuita Sisibo, akafa kabla mama yake hajafika. "Mtoto alihama, na mimi sijui boma yenye alihamia," aliniambia siku ya kwanza. "Nionyeshe njia, Mwalimu." Nikamfundisha. Sala alizishika upesi kuliko vijana. Shida ilikuwa swali moja la Padre.

Padre alikuja kwa pikipiki mara mbili kwa mwaka kuwapima wanaotaka kubatizwa. Mara mbili alimuuliza kama ana miungu mingine, na mara mbili Mama Jepkosgei, ambaye hakujua kudanganya, alimjibu kwa kirefu. Alieleza kwamba yuko Asis, yaani jua, ambaye yeye humwomba uzima kila asubuhi akitema mate upande wa mashariki. Halafu wako Ilet wawili wa radi. Yule mbaya hupasuka juu ya paa akitaka kuua watu, na yule mwema hunguruma mbali akimkataza. Radi ikikaribia, mtu husugua shoka kwenye majivu ya jikoni, hulitupa nje, na kuiambia radi inyamaze hapa kwetu.

"Bila hiyo shoka, Padre, hii kanisa yako ingekuwa imechomeka," alimaliza, tena kwa nia njema kabisa.

Padre alinivuta kando akaniambia nikimleta mara ya tatu akiwa vilevile, nisimlete tena. Na Mama Jepkosgei alikuwa ameanza kukohoa kikohozi ambacho hakikunipendeza hata kidogo.

Basi nikajifanya mjanja. Nilikuwa na kitabu cha mataifa ya kale, zawadi ya kumaliza shule, ambacho nilikitunza kuliko shati langu la Jumapili. Nikaona nimwonyeshe kwamba watu wa miungu mingi walikuwako, tena wakubwa kutushinda sisi, na miungu yao ikaisha. Alipokuja nyumbani kwangu nikamfungulia picha ya Wamisri, yenye mungu mwenye duara la jua kichwani.

"Kumbe hawa pia walimjua Asis," akasema, akafurahi.

"Si Asis, Mama. Huyu anaitwa Ra."

"Wewe Padre anakuita Elphas. Mama yako anakuita nani?"

"Wepukhulu."

"Na ni mtu moja?"

Nikafunua upesi ukurasa wa Wagiriki, nikamwonyesha Zeu ameshika radi mkononi. Mama Jepkosgei aliinama juu ya picha mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Huyu ni Ilet. Ni ule mzuri ama ule mbaya?"

"Wao walikuwa na mmoja tu wa radi, Mama. Akipenda anasaidia, akipenda anapiga."

Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Hapo ndio waliharibu. Sasa akikasirika, nani alikuwa anamkataza?"

Nelima akaangua kicheko jikoni. Damu ikanipanda. Nikakifunga kitabu kwa kishindo, nikasema miungu hiyo yote imekufa, hakuna anayeiita tena.

"Ilikufa na ugonjwa gani?"

"Wa kuachwa. Watu walienda zao."

"Bila kuaga?"

"Bila kuaga, Mama."

Akajifunga leso yake, akaondoka. Wiki mbili nzima hakuonekana darasani. Nelima aliacha kucheka, akaniambia nimemtisha mama wa watu kwa maringo ya kitabu. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Kila jioni nilitazama njia ya kwake, na niliona aibu iliyoninyima hamu ya ugali.

Jumamosi ya kesha la Pasaka, siku aliyotazamiwa Padre, niliamka mapema kufagia kanisa. Nikamkuta Mama Jepkosgei kando ya miti ya miwati, jua likichomoza, anatema mate upande wa mashariki na kuongea.

"Mama, hata leo?" nikamfokea kama mtoto, Mungu anisamehe. "Na Padre yuko njiani?"

Hakushtuka. Alimaliza maneno yake kwanza, kisha akanigeukia.

"Naaga, Mwalimu. Mtu akihama anaaga. Nimemwambia Asis naenda kwa mtoto, asikasirike, aangalie hawa wenye wanabaki. Ile Ilet mzuri pia nimeaga. Ile mbaya nimemwambia tu aende." Akakohoa, akatulia. "Sitaki wakufe kama wale wa kitabu yako."

Miaka minane nilikuwa nimefundisha watu kuacha miungu yao, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuiacha bila kuikosea heshima. Akainama, akatoa kwenye nyasi shoka lake lenye mpini mweusi kwa moshi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hii nakuachia wewe. Mungu amekuzoea, hata ukikosa atakusamehe. Mimi ni mgeni, sitaki aanze kunishuku."

Nililificha nyuma ya ubao wa darasa.

Padre alifika saa nne akiwa na matope mpaka magotini. Kisha akamuuliza lile swali la miungu mingine.

"Mungu ni moja," Mama Jepkosgei akajibu. "Hao wengine nimeaga."

"Umewaaga?"

"Leo asubuhi. Uliza Mwalimu."

Padre akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akapangusa miwani yake ambayo haikuwa chafu. "Watu wengi niliowabatiza huku," akasema taratibu, "wameikimbia tu miungu yao. Huyu nitambatiza leo."

Watu wakajaa ndani, Nelima akakaa mbele na mtoto wetu mgongoni. Padre alipokuwa anabariki maji, mvua ikaja kwa ghafla kama inavyokuja wakati wa masika, na radi ikapasuka juu ya paa letu la nyasi. Watu wakajikunyata. Ikapasuka tena, karibu zaidi. Mama Jepkosgei hakutazama juu. Alitulia, mikono magotini, kama mtu aliyekwisha kuaga, akanitazama mimi.

Nilimtazama mke wangu na mtoto, nikalitazama paa. Nikainuka kana kwamba nakwenda kufunga mlango, nikalichukua shoka nyuma ya ubao, nikafika barazani palipochemshiwa chai ya Padre. Nikalisugua shoka kwenye majivu, nikalitupa kwenye mvua, nikaiambia radi inyamaze hapa kwetu. Sisemi kwamba ni shoka lililofanya. Nasema tu kwamba iliyofuata ilinguruma mbali, upande wa Sisibo.

Niliporudi, Padre alikuwa anamuuliza jina alilochagua.

"Sarah."

"Hilo si la binti yako, Mama?"

"Ndio. Huko wakiita Sarah, tutageuka sisi wawili."

Padre akamwaga maji, akaninyoshea mkono nimpe taulo. Nikampa bila kufikiri, na alipompangusa, majivu ya vidole vyangu yakabaki kwenye paji la uso wa mama yule. Padre aliyaona, akaitazama mikono yangu, akaendelea na sala.

Tulipotoka jua lilikuwa limerudi. Mama Sarah alisimama akalitazama. Hakutema mate. Alilipungia mkono tu, kama mtu anavyompungia jirani wa zamani, nami nikaenda kwenye matope kuokota shoka.