Kivuli Kisicho na Mti

Manasseh aliingia uani kwa shemeji yake na picha kwapani, akaiegemeza taratibu kwenye meza ya naibu wa chifu, kama mtu anayetua yai. Bonareri aliitambua kabla haijageuzwa.

Ilikuwa picha yake mwenyewe: milima ya chai ya Nyaramba saa moja asubuhi, ukungu umelala bondeni, jua likipenya kutoka kushoto. Tangu Machi ilikuwa imetundikwa kituoni wanakopimia majani, na wachumaji walikuwa wakimwambia mama yake, "Mama Bonareri, huyu wako ana jicho."

"Wazee," Manasseh alisema, "shemeji yangu anadai mpaka wetu uko huku juu, ati palisimama mti wa omotembe aliopanda marehemu baba, mzee Nyamweya. Mimi nasema omotembe wa mpaka ni ule wa chini, uliopo hadi leo. Sasa tunapigizana kelele za nini? Tazameni. Wa chini huo hapo, na maua yake mekundu. Huku juu mnaona nini?" Akagonga kioo kwa ukucha. "Chai tupu. Na aliyepiga picha si mimi. Ni binti yake wa kumzaa."

Wazee watano wakanyoosha shingo. Naibu wa chifu akavaa miwani.

Kati ya huko juu na kule chini kulikuwa na mistari kumi na miwili ya chai. Ndiyo iliyomlisha mama yake Bonareri tangu afiwe na mume, ndiyo iliyomsomesha Bonareri hadi diploma. Mistari hiyo ikienda, mama angebakiwa na migomba na kibanda cha kuku.

Mwezi Mei mama alivunjika mguu, wakakaa wiki tatu hospitalini Kisii, binti akilala kwenye kiti kando ya kitanda. Waliporudi, omotembe wa juu haukuwapo. Hata kisiki hakikuonekana. Palikuwa na miche michanga ya chai na matandazo ya majani ya migomba. Majirani walipoulizwa walikuna vichwa. Miti ni mingi, nani anaihesabu? Hakuna aliyetaka kukosana na Manasseh.

Bonareri peke yake ndiye aliyejua kwa nini mti haukuwa pichani. Aliufuta yeye, kwa mkono wake.

Alikumbuka siku ile katika studio ya Samsam, mjini Nyamira. Samsam, binti wa mzee Gulled, alikuwa akipiga picha za pasipoti mchana kutwa, lakini mwanga aliujua kuliko wengi wenye kamera kubwa.

"Picha yako inapiga domo, Bona," Samsam alimwambia. "Inasema mambo matatu kwa mpigo. Hili paa la choo pembeni linatafuta nini?"

"Nilikate?"

"Kata. Na hii anga, nusu yake imekaa bure. Ipunguze. Huku chini umepaacha gizani, papandishie mwanga kidogo, chai ionekane."

Kila walipokata, picha ilipata pumzi. Ikabaki kero moja: omotembe wa juu, umesimama upande wa kushoto, tawi lake limepita mbele ya kilele.

"Huu mti nao unaniziba," Bonareri alisema.

"Basi rudi kwenu, sogea hatua mbili, upige upya. Usiufute. Kukata ukingo ni kuchagua. Kufuta ni kusema uongo."

"Ni mti tu, dada."

Aliufuta kwao kwenye kompyuta, jioni hiyohiyo, kwa dakika ishirini. Kilele kikang'aa. Alipoipeleka ikachapishwe, Samsam aliikodolea macho kwa muda mrefu. "Ni nzuri. Lakini kuna kitu huku chini kinanikera, na sijakijua. Kaitazame tena."

"Wewe hutosheki," Bonareri alijibu, akabeba picha yake na kununa wiki nzima.

Sasa alijivuta hadi nyuma ya jiko, akapiga simu.

"Dada Samsam, ile picha yangu ya kwanza unayo? Ile yenye mti?"

"Ya Februari? Unajua nafuta kazi za wateja kila mwisho wa mwezi. Kwani kadi ya kamera yako?"

"Niliisafisha nikapigia harusi ya Magwagwa, na kwenye kompyuta nimebakiza hii iliyofutwa tu. Wanatunyang'anya chai, dada. Kwa picha yangu."

Samsam aliuliza, "Iko hapo kwenu? Basi itazame kama ya mtu usiyempenda. Kile kitu cha chini sijakijua mpaka leo, lakini kipo. Acha kuangalia mlima, Bona. Angalia chini."

"Binti!" naibu wa chifu aliita. "Ukimaliza simu zako tufunge shauri."

Bonareri alirudi, akachuchumaa mbele ya picha. Mama alikuwa kwenye kigoda, mguu mbovu umenyooshwa, macho yake hayatoki kwa bintiye. Bonareri aliziba mlima kwa kiganja. Akaangalia chai. Kijani, kijani, kijani.

Kisha akakiona.

Ukanda mweusi umelala juu ya chai, kutoka kushoto kwenda kulia, mwembamba mwanzoni, halafu ukigawanyika kama vidole. Pale walipopandisha mwanga ndipo ulipojitokeza. Alifuta mti, akasahau kivuli chake.

Alisimama. "Mti ulikuwapo. Niliufuta mimi."

Mama alishtuka. Manasseh akaangua kicheko. "Mnasikia, wazee? Leo anafuta, kesho ataongeza! Mchawi wa kompyuta huyu!"

"Ni kweli, baba mdogo. Picha hii niliitia uongo, na nilisifiwa kwa uongo huo." Akaweka kidole kwenye ule ukanda. "Kwa hiyo msiniamini mimi. Aminini hiki, ambacho sikukigusa."

Mzee Onchiri, mkubwa kuliko wote hapo, aliinama hadi pua ikakaribia kioo. Akafuata ukanda kwa kidole. "Manasseh, hiki ni nini?"

"Kivuli cha wingu, mzee."

"Wingu lenye matawi?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Onchiri alirudisha kidole hadi kivuli kilipoanzia, akahesabu mistari kimoyomoyo kutoka njiani, akatazama jiwe jeupe lililokuwa pichani karibu na hapo. Jiwe hilo kila mtu alilijua. Watoto walikuwa wakinolea mapanga juu yake. Akachukua bakora yake. "Twendeni."

Walipanda mteremko, Manasseh mbele. Alipofika kando ya jiwe aligeuka, akajipanua. "Hapa ni miche yangu. Msinikanyagie."

"Sogea," Onchiri alisema.

"Mzee, hii miche nime—"

"Manasseh. Sogea."

Alisogea. Onchiri alichokora matandazo kwa bakora, mara ya kwanza, ya pili. Udongo mtupu. Mara ya tatu bakora ikagonga kitu kigumu. Naibu alipiga magoti, akafagia udongo kwa mikono: kisiki kipana, kimekatwa chini ya usawa wa ardhi kwa msumeno, laini kama meza. Na ubavuni mwake, chipukizi la omotembe, refu kama kidole, jani lake la kwanza limejikunja.

Hakuna aliyemtazama Manasseh. Naibu alifungua daftari, akaandika akiwa amesimama. "Mpaka ni hapa," alisema.

Mama alikuwa amefika, akihema, ameegemea bega la Bonareri. Alitazama chipukizi, akatazama picha ambayo mzee mmoja alikuja nayo.

"Kwa nini uliufuta?"

"Ulikuwa unaziba mlima, mama."

"Mlima si wetu," mama alisema, akainama kwa shida kurudishia udongo kando ya chipukizi.