Simu Haina Kinywa

Alasiri ile Francine alikuwa simu. Alikaa nyuma ya dawati katika darasa moja la misheni, hapa Kasongo, binti yake Dorothée amefungwa mgongoni kwa kikwembe, na mbele yake alikuwa amepanga vipande vya karatasi alivyovichora mwenyewe kwa kalamu, kila kimoja na ukubwa wa simu ya kioo. Mama aliyekuja kujaribu akigusa picha kwa kidole, Francine anaiondoa karatasi ile na kuweka inayofuata, kama vile kioo kimejibadilisha chenyewe. Ndivyo walivyofundishwa kwenye masomo ya jioni: kabla mafundi hawajaingiza kitu ndani ya simu ya kweli, kijaribiwe kwanza kwenye karatasi, maana karatasi ukikosea unachora nyingine.

Michoro yake ilikuwa ya mama mwenye mtoto wa homa. Ukigusa vizuri, unafika kwenye karatasi ya mwisho, inakuambia kama umpoze nyumbani au ukimbie naye kituo cha afya. Kundi jingine la wanafunzi, la Nyangwe, nalo lilikuwa limechora ya kwake. Pacifique, aliyetumwa kutoka Kindu na shirika lililoandaa masomo hayo, angeondoka jioni kwa pikipiki na michoro ya kundi moja tu, ile ambayo akina mama wanaifuata hadi mwisho bila kusaidiwa na mtu. Francine aliitamani nafasi hiyo mpaka usingizi ulikuwa umemkimbia.

"Simu haina kinywa," Pacifique alimkumbusha. "Wakikuuliza, unyamaze. Ukisema neno moja tu, jaribio limekufa."

Akina mama wa kwanza walipita kwa vicheko. Yvette, muuza samaki wa sokoni, alisema hajapata kuona simu inayobeba mtoto. Dorothée alipoanza kulia na Francine akamtoa mgongoni kumnyonyesha, Yvette aliwageukia wenzake kwenye benchi. "Muangalie, simu ya Francine inanyonyesha. Ya kwenu inaweza?" Hata Pacifique alicheka. Lakini Yvette alifika mwisho bila kusaidiwa, na aliyemfuata vilevile.

Aliyebaki alikuwa Mama Albertine, mama mkwe wake Francine. Hakuwa ameitwa. Mwanamke aliyeahidi kuja hakutokea, na Mama Albertine aliposikia hivyo akaoga, akavaa kikwembe chake cha misa, akaja kwa miguu. Nyumbani alikuwa na kasimu kadogo ka vitufe. Ya kioo hakuwahi kuishika. Alikaa wima mbele ya dawati kama mtu anayepigwa picha.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na safu ya vichwa vidogo, na juu yake Francine alikuwa ameandika: Gusa vichwa sawa na idadi ya watoto wako. Aliiga tu maswali wanayouliza pale kituo cha afya, bila kuwaza mara mbili. Pacifique akasoma maneno hayo kwa sauti. Mama Albertine akanyoosha kidole, kikabaki hewani.

"Na wale niliacha Wamaza," akauliza, "niwaweke?"

Kwenye benchi vicheko vikazima. Kabla ya kumzaa Lwamba, mume wa Francine, Mama Albertine alikuwa amezika watoto wawili kule Wamaza, kabla familia haijahamia Kasongo. Nyumbani hawatajwi. Francine, na kuolewa kote huko, hakujua hata majina yao.

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo, mama. Au: acha, mama, karatasi hii ni mbaya. Lilimfika ulimini. Akaiona kalamu ya Pacifique imesimama juu ya karatasi, inangoja akosee, akashusha macho kwenye kichwa cha Dorothée.

"Mama Dorothée. Ninakuuliza."

Kwao, mama mkwe akikuuliza unajibu hata kama una chakula kinywani. Unajibu hata kama mmenuniana tangu asubuhi. Francine akanyamaza. Joto lilimpanda shingoni hadi masikioni, na mtoto, kama aliyeonja kitu kichungu, akaliachia ziwa, akaanza kulalamika.

Mama Albertine alimtazama kidogo, bila hasira. Kisha akagusa vichwa vitatu upesi upesi, Lwamba na dada zake wawili, kama mtu anayefukuza nzi. Francine akaweka karatasi ya pili. Homa: akagusa. Hanyonyi: akagusa. Kimbia kituo cha afya. Amefika.

Pacifique alifurahi sana. Alisema hajaona simu ngumu namna hii, na akaanza kuikusanya michoro kwenye bahasha. Mama Albertine alikuwa ameshaaga, akisema ana majani ya sombe ya kutwanga.

"Andika kwamba karatasi ya kwanza imeanguka kwenye jaribio," Francine akasema.

Pacifique akashangaa. Si mama amefika mwisho?

"Amefika kwa kuwakana watoto wake."

Pacifique akamweleza taratibu, kama mtu anayemwonea huruma, kwamba akiandika hivyo michoro ya Nyangwe ndiyo itakayoondoka, na yake itangoja, pengine mwaka mzima. Francine akarudia maneno yaleyale. Pacifique akaandika.

Francine alimkuta Mama Albertine nyuma ya nyumba, kwenye kinu. Akapiga magoti, mtoto mikononi.

"Mama, unisamehe. Nilikatazwa kusema."

"Nilijua," Mama Albertine akasema, huku akitwanga. "Niliona uso wako. Nikasema, nikikawia, huyu mutoto atakosa kazi yake. Nikagusa wale watatu. Wale wengine watanielewa."

Francine alidhani aibu imeshamfikisha mwisho wake, kumbe bado. Akatafuta cha kumpoza, akakimbilia kusema kwamba michoro haikwenda, kwamba yeye mwenyewe amemwambia Pacifique aandike imeanguka.

Mtwangio ukasimama.

"Kwa hiyo niliwaacha mara ya pili, tena bure?"

 Njia nzima Francine alikuwa amejiona anarudisha heshima ya mama yule, na hakumuuliza mwenyewe kama aliitaka irudishwe. Alitazama majani ya mihogo yaliyoruka nje ya kinu, akatamani kuyaokota moja moja ili tu asiinue uso.

"Keti," Mama Albertine akasema mwishowe. "Mutoto iko na njaa."

Akaketi mkekani, akamnyonyesha. Mtwangio ukaanza tena, polepole.

"Wa kwanza alikuwa Christophe," Mama Albertine akasema, macho kwenye kinu. "Alikuwa halali mpaka ashike sikio langu."

Wa pili hakumtaja. Francine alimhamishia mtoto ziwa la pili, akangoja.