Sanamu Iliyowapa Watu Mgongo

Siku ya kufungua duka lake, fundi cherehani aliivisha sanamu gauni aliloshona mwenyewe, kisha akaigeuzia ukutani. Aliogopa watu wangeicheka kola ya gauni hilo, aliyoibuni mwenyewe. Na asipopata wateja, basi ni kurudi kufanya kibarua cha kuwashonea wengine.

Bibi yake akaingia. "Kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Nina muuzaji anayewapa wateja mgongo."

"Si sanamu hiyo?"

"Umekosa, mke mwenzangu. Ni wewe."

Fundi akaigeuza sanamu ikatazama barabara. Moyo ulimdunda kama cherehani.

Punde mwanamke mmoja akasimama. "Kola hiyo kashona nani?"

"Mimi."

"Basi nipime."

Fundi akachukua futi, akapima huku akicheka. Bibi keshavuta kiti mlangoni, anakaribisha wapita njia kama duka ni lake.