Koki Niliyoitia kwa Mkono Wangu

Jumanne, tarehe 21 Desemba 2010, saa nane na robo mchana, theluji ikiwa imefika madirishani na baridi nyuzi kumi chini ya sifuri, nilipanda darini nikafunga koki ya bomba la pumzi, lile linalotoa mvuke wa boila ya maji moto. Mvuke wake ulikuwa ukigeuka maji na kupenya dari, na tone moja lilikuwa limemwangukia marehemu baba pajini, katika jeneza lililo wazi.

Jikoni, jirani yetu Delia alizidi kuchochea moto. Matangani kwetu birika halipoi.

Festus Gormley, fundi aliyeiunganisha boila ile nyuma ya jiko, alikuja kutupa mkono wa rambirambi. Kabla hajamaliza pole zake, ukuta wa jiko uligonga kwa ndani.

"Hiyo imeanza lini?" aliuliza.

"Sasa hivi."

Akashika bomba linaloleta maji kutoka tangini. "Limeganda. Basi, lile bomba la pumzi ndilo limetuokoa."

"Nimelifunga."

"Umelifunga kwa kitu gani? Sikuweka koki pale mimi."

"Niliitia mwenyewe, kiangazi."

Uso wake ukapauka. "Mapadri walikufundisha Kilatini, Colman, mabomba hawakukufundisha. Boila sasa haina pa kuhemea."

"Nikaifungue?"

"Thubutu! Mvuke utakumenya kama kiazi. Wala usimwagie jiko maji. Watu watoke, moto tuuzoe."

Wageni walitoka mbio. Mama hakutoka. Kiti chake kilikuwa kando ya jeneza, mgongo wake ukiegemea ukuta uleule wenye jiko.

"Mama, ukuta huu unaweza kulipuka."

"Maiti haachwi peke yake. Nimeishi naye miaka arobaini na minane. Nimkimbie leo kwa ajili ya birika?"

"Mama, nakuomba."

"Badala ya kuniomba, nenda kafanye haraka."

Tulizoa makaa kwa sepetu, Festus akijaza ndoo, mimi nikiimwaga thelujini. Bamba la jiko lilitetemeka. Boila iliguna, kisha ikagonga mara tatu mfululizo, na vikombe vikaanguka rafuni. Nyuma ya ukuta nilimsikia mama akisali rozari. Kila boila ilipogonga, alinyamaza. Kisha akaendelea palepale alipoachia. Katika kila kimya nilihesabu pumzi zangu. Kimoja kilidumu hadi pumzi ya tisa, nami nikadhani nimemwua mama siku ya matanga ya baba. Ndipo ikaja sauti yake: "...sasa na saa ya kufa kwetu."

Kaa la mwisho lilipotoka tulisimama tukitazama tumbo tupu la jiko, tusithubutu kuligusa. Milio ikapungua polepole, kama mtu anayeshuka ngazi, hadi ikakoma.

Nje, wageni walikuwa wakikanyagakanyaga theluji.

"Kazi ya Festus hiyo," alisema Delia. "Nani alimruhusu fundi wa namna hii aingie nyumba ya watu?"

Festus aliwasha sigara. Alinitazama mara moja tu.

Shuleni kwetu mwenye kosa husimama kabla hajaitwa. Nilisogea mbele ya wageni.

"Festus aliunganisha kila bomba sawasawa," nilisema, kwa sauti ya kufika hadi barabarani. "Bomba la pumzi haliwekwi koki. Niliiweka mimi, na leo nimeifunga mimi. Mama amenusurika kwa mikono yake huyu."

"Na masomo yote yale!" akasema Delia.

Ukweli ule ulikuwa deni langu kwa Festus, nami nililimaliza lote, mbele ya mashahidi.