Vifaranga vya Ngisi Nyakabanda

Mayai yalifika Kigali mwezi wa pili mwaka 1994, ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa maji ya bahari. Bwana Arnaud aliyapakata kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe hadi nyumbani kwake Nyakabanda, wala hakukubali dereva wa teksi ayaguse. Alikuwa Mbelgiji mzee, mwalimu mstaafu wa elimu ya viumbe, na sebule yake ilikuwa imejaa matangi ya samaki. Mayai yale yalikuwa ya ngisi wa aina ambayo watu wa pwani huiita dome, yule mwenye mfupa mweupe mwepesi mgongoni. Yalishikana kama kichala cha zabibu.

Nyumba ilikuwa na wafanyakazi wawili. Gahongayire, mjane wa miaka arobaini na mmoja, alifua na kusafisha. Aidah, msichana Mwislamu wa Biryogo, alipika. Babu yake mzaa mama alitoka Pangani, lakini baba yake alikuwa Mtutsi, na ndivyo kitambulisho chake kilivyoandikwa. Cha Gahongayire kiliandikwa Mhutu. Kwa miaka mitatu walikula sufuria moja bila kuzungumzia jambo hilo.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mayai yakaanguliwa. Vifaranga walikuwa wadogo kama punje ya maharage, lakini walikuwa ngisi kamili, wenye macho makubwa na mikono mifupi iliyokunjwa mbele ya uso. Mmoja akisogelewa na kidole aligeuka kutoka kahawia kuwa mweupe, kisha akatoa tone la wino. Hawakula chochote kilichokufa. Kila siku Gahongayire alishuka bondeni, kwenye mabwawa ya samaki yaliyochimbwa kando ya mafunjo, akakokota kipande cha chandarua majini na kurudi na ndoo ya uduvi hai. Uduvi wa maji baridi hawadumu kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo aliwatia wachache wachache huku Bwana Arnaud akiandika nani amekula na nani hakula. Wiki ya kwanza walikufa kumi na wawili. Wakabaki kumi na tisa.

Kisha ndege ya rais ikaangushwa, na asubuhi yake mauaji ya Watutsi yakaanza.

Siku ya nne askari wa kigeni walikuja na lori kuchukua wazungu. Bwana Arnaud alimshika Aidah mkono, akamfikisha hadi kwenye lori. Askari alitazama kitambulisho chake, akasema Wanyarwanda hawapandi. Mzee alibishana mpaka sauti ikamkauka. Alipoona lori linaanza kuondoka, alipanda. Akamtupia Gahongayire funguo, akafungua mdomo kusema jambo, na lililotoka likawa hili tu: "Wape uduvi asubuhi na jioni."

Gahongayire alimrudisha Aidah ndani, akaweka meza juu ya kitanda, akamsukuma apande darini.

Mkuu wa bariyeri, kizuizi cha barabarani cha mtaa ule, alikuwa Nzeyimana, ambaye kabla ya hapo alikuwa mlinzi wa duka pale kona. Alikuja kesho yake na vijana wanne wenye mapanga.

"Humu kuna nani?"

"Mimi na wadudu wa mzungu, bwana."

"Mpishi wake yuko wapi?"

"Alikimbia siku ile ya kwanza. Sijamwona tena."

Walipekua vyumba, wakachoma godoro kwa mkuki. Nzeyimana alisimama mbele ya tangi. Ngisi mmoja alikuwa akimvizia uduvi, rangi zikipita mgongoni mwake kama kivuli cha wingu. Ghafla akafyatua mikono yake miwili mirefu na uduvi akatoweka. Nzeyimana alicheka taratibu. Akawaita wenzake, wakainama wote wakatazama, mapanga yakiegemea ukutani.

"Wanakula nini?"

"Uduvi wa bondeni. Wasipopata, watakulana wenyewe kwa wenyewe. Na pampu ya hewa ikizima, wanakufa."

"Basi kuanzia leo ni wangu," alisema Nzeyimana. "Na wasife."

Hivyo ndivyo Gahongayire alivyopata njia. Nzeyimana aliwaambia watu wa bariyeri wamwache apite, anaenda kuwatafutia wanyama wake chakula. Umeme ulikuwa umekatika, na kila baada ya siku mbili alileta petroli ya jenereta. Gahongayire hakuuliza ilitolewa kwenye magari ya nani. Alishuka na ndoo, akapandisha na ndoo, na chini ya uduvi, ndani ya mfuko uliofungwa kwa kamba, mlikuwa na viazi vitamu alivyochimba kwenye mashamba ambayo wenyewe walikuwa hawapo tena. Mwezi ulipokwisha, mabwawa ya chini hayakufaa. Mlikuwa na watu ndani. Akawa anaenda mbali zaidi, juu ya mkondo, na kuanzia hapo alinawa mikono mara nyingi mno.

Aidah alikuwa ametoboa tundu kwenye ubao wa dari, dogo kama kitufe cha shati, moja kwa moja juu ya tangi. Kwa wiki saba hakuona kitu kingine. Gahongayire alipokuwa akibadilisha maji, walizungumza kwa kunong'ona.

"Yule mdogo hajala leo, dada."

"Nimemwona. Nitamtenga."

"Jana alipokuja, mtu wako alikaa muda mrefu."

"Si mtu wangu."

Aidah alisogeza mdomo kwenye tundu. "Nilikuwa namwona utosi wake. Ana upara unaoanza. Nilifikiri nikidondosha mate yatampata hapo hapo."

Kilichomsumbua Gahongayire ni kwamba mbele ya kioo kile sura ya Nzeyimana ililegea ikawa sura ya mtu wa kawaida. Aliwaleta hata wanawe wawili kuwaonyesha. Aliwanyanyua mmoja mmoja wapate kuona vizuri, kisha akaenda zake kazini.

Chumvi ya kuchanganya maji ilipungua. Ngisi wakaanza kufa, leo mmoja, kesho kutwa wawili. Waliobaki walikuwa na urefu wa kidole gumba na njaa isiyoshiba. Kila walipopungua, Nzeyimana aliuliza kwa sauti ya chini, na Gahongayire alijibu kwamba wakubwa wamewala wadogo. Wakabaki sita.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Aidah alishikwa na malaria. Hapakuwa na dawa. Gahongayire alimpandishia maji na vitambaa vilivyoloweshwa, akamwomba aume shuka homa inapopanda.

Nzeyimana alikuja adhuhuri moja, amelewa, akiwa na wenzake wawili. Jenereta ilikuwa imezima kwa kukosa petroli, naye alikuwa amebeba galoni ya petroli mkononi. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Aliinama mbele ya tangi na kuanza kuhesabu kwa kidole. Juu yake Aidah akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kilichobanwa. Nzeyimana aliinua kichwa. Gahongayire alijua kwamba cha pili kinakuja, maana alikuwa akivisikia siku nzima, na havikuja kimoja kimoja. Akashika ukingo wa tangi kwa mikono miwili, akajivuta nyuma kwa uzito wake wote.

Kioo kilipasuka sakafuni kwa kishindo na maji yakafika mpaka mlangoni. Ngisi sita walitapatapa katikati ya vigae, wakitoa wino, wakibadilika rangi upesi upesi. Gahongayire alipiga yowe na kuendelea kupiga yowe, akasema ameteleza, akasema Mungu wake, ameteleza. Hakuna aliyeweza kusikia kitu kingine.

Nzeyimana alipiga magoti majini akajaribu kuwakusanya kwenye viganja. Walipoacha kusogea, alisimama, akachukua bunduki ya mwenzake na kumpiga Gahongayire kwa kitako mara tatu. Pigo la pili lilimvunja mkono wa kushoto.

"Kesho asubuhi nisikukute humu," alimwambia. "Nyumba nimeichukua." Wakabeba jenereta wakaondoka.

Alasiri ile mvua ilinyesha, na watu wa bariyeri wakajisitiri barazani mwa duka. Gahongayire alimshusha Aidah kwa mkono mmoja. Msichana alikuwa mwepesi, na miguu yake ilikuwa imesahau kutembea. Walipita nyuma, kwenye migomba, wakafuata ukingo wa mfereji hadi bondeni, wakaingia ndani ya mafunjo mahali ambapo maji yaliishia kiunoni na palikuwa na kisiwa cha majani makavu cha kukaa watu wawili.

Walikaa hapo siku tatu. Mizinga ilisikika ng'ambo ya mji. Siku ya kwanza Aidah aliongea, akamwita mama yake, mwisho akasema anasikia baridi. Siku ya pili alitetemeka tu. Siku ya tatu, jua likiwa juu, Gahongayire alihisi kichwa kilichomlalia pajani kimekuwa kizito. Hakuwa na jembe wala mkono wa pili. Alimfunika kwa mafunjo aliyoyavunja moja moja, akabaki pale hadi njaa ilipomtoa.

Mji ulipotekwa mwezi wa saba na wauaji wakakimbia, alienda Biryogo, mkono ukiwa umeunga vibaya. Ndugu wa Aidah aliyebaki hai alikuwa mmoja, kaka yake Usumani, fundi cherehani. Alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akachukua kofia yake wakaenda pamoja bondeni.

Maji yalikuwa yamehama na mafunjo yameota upya. Walitafuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mara mbili Gahongayire alisema ni hapa, na mara mbili hapakuwa.

"Alisema nini mwishoni?" Usumani aliuliza.

"Alisema anasikia baridi."

"Hakusema kingine?"

"Hakusema."

Usumani alivua viatu, akaelekea kibla, akaswali swala ya jeneza palipokuwa wazi kidogo kati ya mafunjo. Gahongayire, aliyekuwa Mkatoliki, alisimama nyuma yake bila kujua aiweke wapi mikono yake. Alipomaliza, Usumani alivaa viatu, akamuuliza kama ana mahali pa kulala. Alisema hana. Wakapanda mlima pamoja, mmoja mbele, mwingine nyuma.